Soli za Jumapili

Juma lililopita, katika zahanati moja ya Singida mjini, niliketi karibu na mama mmoja mkulima wa Mtinko. Nyayo zake hulalia upande wa ndani anapotembea, na magoti humuuma. Mwezi uliopita alipewa soli za ngozi za kuinua nyayo, azivae ndani ya viatu.

"Shikamoo, mama. Magoti bado?" tabibu kijana alimwuliza.

"Marahaba. Bado, mwanangu. Viongozi wa kijiji wakinitoa shamba la ujamaa kwa magoti haya, wataniweka kulea watoto. Watoto siwawezi!"

"Soli unavaa?"

"Kila Jumapili, kanisani," alisema, akizitoa kwenye kikapu chake.

"Na shambani?"

"Shambani navaa katambuga. Ngozi nzuri hii niitie tope?"

Tabibu alimvua katambuga zake za tairi, akazipigilia zile soli juu yake kwa misumari midogo. Mama alifumba macho kila nyundo ilipolia. Kisha akasimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi, nyayo zimenyooka.

"Na Jumapili utavaa nini?" nilimwuliza.

"Hizi hizi, mzee. Atakayecheka, nitamkuta shambani, tushindane kulima."

Wengi wetu tunavitunza vitu vizuri kwa siku ya kukaa, halafu tunalalamika kwamba kazi inaumiza.