Kiganja Juu ya Spika

Mteja akiingia dukani kuulizia amplifaya, mtambo wa kukuza sauti ya filamu nyumbani, fundi huyu humkatiza kwa swali moja: "Spika zako ziko wapi?" Asiyekuja nazo hurudishwa kwa upole, kama mtu aliyekwenda kupimwa suruali akaacha kiuno nyumbani. Leo mjane mmoja amekuja na spika mbili za marehemu mumewe, amezifunga kwa shuka. Shemeji yake alizijaribu kwenye mtambo wake, zikakoroma kidogo kisha kimya, naye akatamka kwamba zimeungua, za kutupwa. Fundi anazigeuza, anasoma namba za mgongoni huku midomo ikimcheza, kisha anazipita amplifaya zenye taa za kumeremeta bila hata kuzitupia jicho. Anashusha moja nyeusi, nzito, isiyo na mbwembwe. Anaunga nyaya, anafungulia wimbo kwa sauti ndogo, halafu anaweka kiganja juu ya kitambaa cha spika na kufumba macho, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Mjane ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Nzima, dada," anasema fundi, macho bado kayafumba. "Mtambo wa shemeji yako ndio ulioshindwa kuzisukuma, ukajizima wenyewe. Hii inaziweza."

Mjane anashusha pumzi ndefu. "Niongezee sauti kidogo, kaka."

Fundi anaongeza. Bila kuondoa kiganja, anamsogezea kigoda kwa mguu, na mjane anakaa, anavua viatu.