Tope la Gurudumu la Nyuma

Muosha magari wa mtaani Kilibula haanzi na vioo kama wenzake. Anapiga magoti, anaingiza vidole juu ya gurudumu, kwa ndani, anatoa vumbi na kulinusa, na hapo anajua ulikotoka: sokoni, ufukweni au milimani. Mikono yake imekunjamana kwa maji, na sauti yake ni ndogo, kana kwamba gari limelala. Nilipomletea jeep yangu ya umeme mara ya kwanza, aligusa mlango kwa kidole kilicholowa, akasubiri, kisha akacheka alipoona bado yuko hai. Akauliza, "Patron, hii nguvu yote utaipeleka wapi?" Nikajibu kwa majivuno kwamba nitafika hadi Mutarule, kijiji cha mbali bondeni, hata mvua inyeshe. Tangu hapo, kila Jumamosi alinusa vidole vyake na kutikisa kichwa. "Weye uko unasema Mutarule, lakini gari yako iko inasema lami." Kweli, nilikuwa ninakwenda kazini na kanisani tu.

Juzi, kwa aibu hiyo, nilikwenda. Mvua ya bonde ilinikuta huko, nikarudi na tope jeusi hadi milangoni. Alilinusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba, kisha akaosha gari. Nilipolikagua, nikaona gurudumu moja la nyuma bado chafu. "Umesahau hapa," nikamwambia.

"Sikusahau, patron," akajibu, akijifuta mikono. "Minye sijafika kwetu Mutarule tangu miaka tisa. Uniachie hiyo tope mpaka Jumamosi."