Uzio Ambao Baba Aliupaka Mafuta

Harufu ya mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika haipendwi na watu wengi. Mimi ikinikuta njiani, fundi akiwa ameinamia pikipiki na kuyamwaga yale mafuta meusi chini, miguu inakataa kwenda. Wanangu wamenizoea. Wananisubiri, tena bila kuniuliza, kisha tunaendelea na safari. Sijawahi kuwaeleza sawasawa. Ninyi nitawaeleza, maana hamkai nyumbani kwangu na hamtaanza kunitazama kwa macho ya huruma kila nikishika ufagio.

Nilizaliwa Kasongo, enzi za Wabelgiji. Baba yangu, Fundi Shabani, alitengeneza magari katika gereji ya Mgiriki mmoja mnunuzi wa pamba. Alikuwa mtu wa vijijini Kabambare, akaja mjini akiwa kijana. Mama alitoka kijiji cha Wamaza. Walijaliwa mtoto mmoja tu, mimi, na kwa mtaa wetu hilo lilikuwa jambo la kuulizwa. Wanawake walikuja kuomba moto wa jikoni, wakapepesa macho huku na huku, wakasema, "Wengine wako wapi?" Mama alikuwa akicheka. Halafu, sikumbuki lini hasa, aliacha kucheka.

Nilipokuwa na miaka saba hivi tulihamia kiwanja kipya, na kiangazi kile baba na mama walijenga uzio. Kwetu uzio haujengwi kwa miti mikavu. Mnakata miti mibichi yenye utomvu mweupe, minene kama mkono wa mtu mzima, mnaichomeka ardhini mmoja kando ya mwingine, mnaifunga kwa kamba za msituni, basi. Mvua zikianza, kila mti unaota majani, na baada ya miaka michache mna ukuta unaoishi, ambao mchwa hawauwezi. Mama alifunga kamba, baba akachimba, nami nilipewa kazi ya kushikilia mti usianguke. Nakumbuka utomvu ukinata vidoleni na mama akinisugua kwa majivu. Ilikuwa siku ya furaha, na nimeichunguza mara nyingi baadaye nikitafuta kasoro yake, sikuiona.

Lakini kasoro ilikuwako. Sauti zilisikika chumbani, za chini chini, na kabla kiangazi hakijaisha mama alifunga vitenge vyake. Alisema anakwenda Wamaza kumwona mama yake. Alinishika masikio yote mawili, ndivyo alivyonibembeleza siku zote, akaniambia, "Usilie, mutoto wangu. Siku miti ya lupango itatoa majani, utaniona." Lupango ndiyo kiwanja chetu na uzio wake. Akaondoka kwa miguu pamoja na wafanyabiashara wa chumvi, nami niliwasindikiza hadi nyumba za mwisho, mwanamke mmoja akanirudisha.

Baada ya hapo siku zilikuwa ndefu kupita kiasi. Baba aliondoka baada ya swala ya alfajiri, akarudi jua likizama. Mchana nilikula kwa jirani yetu Mama Asumini, aliyekuwa na watoto saba. Alinipakulia wali na sombe, yaani kisamvu, kama alivyowapakulia wanawe, wala hakuninyima kitu. Ila watoto wale waligombania kukaa karibu naye, wakisukumana, na mimi sikuwa na wa kumgombania. Nilikula haraka nikarudi kwetu.

Kwetu palikuwa na miti. Niliizungukia kila asubuhi, mmoja mmoja, nikiipapasa. Baadhi niliipa majina. Mmoja ulioinama mbele nilimwita Bwana Karani, kwa sababu karani wa ofisi ya serikali alitembea vile, kana kwamba anatafuta sarafu aliyoidondosha. Nilizungumza nayo. Nilikuwa mpweke kiasi hicho, na sioni haya kulisema leo.

Siku moja alikuja mtu wa Wamaza na kinga, yaani baisikeli, amefunga magunia ya mpunga nyuma. Aliketi na baba kwenye benchi. Nilipowaletea maji walinyamaza mpaka nikaondoka. Mgeni alipokwenda, baba alibaki ameketi, mikono katikati ya magoti, bado ina weusi wa gereji. Hakunawa. Nilimwuliza mama anasemaje.

"Anakusalimia," alisema.

Niliona inatosha. Salamu ilikuwa salamu, na mvua zilikuwa karibu.

Zikaja. Siku ya nne ya mvua, kwenye mti mmoja karibu na choo, niliona ganda limevimba na kupasuka, na ndani yake kitu kidogo cha kijani kama ncha ya ukucha. Sijui nilishindaje siku ile. Baba alipotokea tu nilimvuta mkono mpaka pale. "Baba, moja imeanza."

Aliinama, akatazama muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji. Akanipapasa kichwa, akaingia ndani.

Kesho yake alirudi mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikuwa na bidoni ya mafuta machafu aliyoyakamua kwenye malori ya Mgiriki. Alifunga kitambaa kwenye kijiti, akakichovya, akaanza kupaka miti ya uzio kutoka mwisho mmoja. Wazungu walipaka hivyo mbao zao, na uzio wa gereji yenyewe ulikuwa mweusi kwa mafuta yale. Anayeogopa mchwa hupaka tako la mti, pale unapoingia ardhini. Baba alipaka kutoka chini hadi juu, akapaka na vichwa vya miti mahali panga lilipokata.

Alipokaribia ule wa choo nilisimama mbele yake. "Usipake huu, baba."

"Muchwa itaukula, mama," alisema. Baba zetu hutuita mama, sisi mabinti. Alinisogeza kwa kiwiko ili asinichafue, lakini gauni langu lilikuwa limekwisha kushika mafuta. Akaupaka. Hakunitazama.

Mtaa wote ulikuja kuona. Mzee wa nyumba ya mbele alisimama barabarani akamwambia, "Fundi, ukimaliza tia na petroli, lupango itembee." Watu walicheka wiki nzima. Mbuzi wa Mama Asumini walijikuna pale wakaondoka na michirizi myeusi, na mwalimu wa Kurani aliegemea akizungumza, akaenda swala ya Ijumaa na kanzu yenye mistari mgongoni. Walisema fundi wa magari hajui mti, anadhani kila kitu duniani kinataka mafuta. Baba alicheka pamoja nao. Na mimi nilimchukia kwa kicheko kile.

Masika yale kila uzio wa mtaa ulivaa kijani. Wetu ulisimama mweusi. Kile kijani cha karibu na choo kilikuwa kimekauka siku ya tatu. Niliendelea kuizungukia miti, nikikwaruza ganda kwa kucha kutafuta ubichi, nikikuta ukavu. Bwana Karani alikuwa mkavu. Wote walikuwa wakavu.

Mama hakuja.

Shangazi yangu alikuja kutoka Kabambare kukaa nasi, na yeye ndiye aliyeniambia, miezi mingi baadaye, kwamba mama ameolewa Wamaza na mtu mwingine. Ungedhani hapo ningemsamehe baba. Wapi. Mtoto ana hesabu zake. Nilijiambia kwamba mama alituma mtu kuangalia uzio, akaambiwa hauna majani, akakata tamaa, ndipo akaolewa. Kosa lilikuwa la aliyeshika bidoni.

Sikumwambia. Nilimtia adabu kwa heshima, na sijui adhabu kali kuliko hiyo. "Ndiyo, baba." "Hapana, baba." Alipoleta mkate wa Mgiriki uliofungwa kwenye gazeti nilimshukuru vizuri, nikauweka juu ya meza, shangazi akaula. Alipojaribu kunisimulia vituko vya madereva nilimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, naye akaacha kusimulia. Siku ya kuolewa kwangu, wakati mabinti wengine hulia miguuni pa baba zao, mimi nilimuaga kama anavyoagwa karani dirishani. Macho yangu yalikuwa makavu, na niliona fahari.

Wabelgiji waliondoka. Nilizaa. Mwaka mmoja mume wangu alinunua kiwanja na kuanza kuchomeka miti ya uzio, mibichi, kama desturi yetu. Baba, mzee sasa, alikuwa amekuja kututembelea, akaketi kwenye kiti akimtazama. Mume wangu alitokea nyuma ya nyumba na bidoni ya mafuta machafu, akisema mchwa wa upande huu ni wengi.

"Hapana, mukwe wangu," baba alisema. "Miti mubichi haipakwe mafuta. Inakufa."

Mume wangu alicheka, akamwuliza fundi wa magari alijifunzia wapi mambo ya miti.

"Kwetu Kabambare hata mutoto mudogo anajua. Mimi nilijua hiyo mbele ya kuona motokari."

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nililiweka chini. Nilingoja mume wangu arudishe bidoni, ndipo nikasema, "Baba. Na lupango yetu?"

Aligeuka kunitazama. Sikuwa nimemwuliza swali la kweli kwa zaidi ya miaka ishirini, na nadhani lilimshtua.

"Yule mutu wa kinga alikuja kuniambia mama yako ameolewa," alisema. "Na wewe kila asubuhi uko unaangalia miti. Majani ingetoka, na yeye hakuji. Ungesema mama yako amekudanganya."

"Ungeniambia tu."

"Ulikuwa mudogo. Nikasema, kama mutoto atakasirikia mutu, akasirikie mimi. Mimi niko hapa."

Niliinua birika tena. Nilimmiminia chai, nikamwaga nyingine kwenye sahani. Hapo nilitambua kwamba mke wake alikuwa amemwacha yeye pia, na kwamba habari aliipata pale kwenye benchi, akiwa na mikono michafu, na mtoto akileta maji. La kuachwa kwake nilikuwa nimelijua tangu utotoni bila kulifikiria hata siku moja. Baada ya siku ile ya benchi aliishi miaka kumi na moja katika nyumba moja na binti ambaye hakumjibu ila ndiyo na hapana, na angeweza kuyamaliza yote kwa maneno matano, asiyaseme. Nilikuwa nimejihurumia sana kwa kuwa peke yangu katika nyumba ile. Aliyekuwa peke yake alikuwa yeye, na aliyemwacha peke yake nilikuwa mimi.