Mama mkwe aliomba DVD ya harusi, mimi nikaanza kutafuta 4K

Wakuu, niaje. Hii nawapa vile ilienda, pamoja na pale nilikuwa mjinga, ambapo ni karibu pote.

Mnanijua humu. Mtu akiuliza mbona TV yake inaonyesha ukungu, mimi ndiye wa kwanza kujibu: "Cheza na resolution boss, ni dakika mbili."

Basi mama mkwe alikuja kwetu Pipeline kutoka Kitui kuona mjukuu. Siku ya kurudi, gari lake likiwa la saa kumi jioni, akamuomba bibi yangu, binti yake, kitu kimoja: awekewe DVD ya harusi yetu aione. Mzee wake, baba mkwe wangu, alifariki mwaka jana, na hiyo ndiyo video pekee ambayo yumo, akitubariki.

Mtu mwenye akili hapo anabonyeza play. Mimi nikaona ni aibu DVD ya zamani ichezwe hivyo hivyo kwa inchi hamsini na tano. Nikaingia settings za home theatre, nikapandisha resolution hadi mwisho, 4K.

Screen ikazima kidogo. Kwa mazoea nikabonyeza OK, yaani nimekubali ibaki hivyo. Ningengoja sekunde chache ingejirudisha yenyewe, lakini mimi tena ningoje nini?

Ikabaki nyeusi. Sauti ilikuwa safi kabisa, kwaya inaimba, MC anaita watu wa picha. Mama amekaa na kibeti mapajani, anasikiliza harusi kama taarifa ya habari. Na menu ya kurudisha iko ndani ya giza hilo hilo.

Nikazima, nikawasha. Nikalaumu disc, nikalaumu stima, nikatoa lecture ya bandwidth ambayo hakuna aliyeiomba.

Sasa, kwa Wakamba mama mkwe na mkwe wana heshima yao. Hawezi kukukemea. Kila nikimgeukia anasema, "Iko sawa, mwanangu," na saa inaenda. Mimi nikaichukua kama ruhusa ya kuendelea.

Saa tisa na dakika kadhaa bibi akauliza mbona nisijaribu cable ingine. Nikamcheka. Yangu, ya kutoka home theatre hadi TV, ni ya mita kumi, nimeipitisha nyuma ya makabati ndio isionekane. Akachomoa ile fupi ya decoder, akachomeka, picha ikarudi. Cable yangu ya urembo ilikuwa imeshindwa kubeba hiyo resolution.

Mzee akatokea, mdogo, katikati ya screen. Nilipaswa kukaa chini. Nikashika remote, nikazoom ijae. Ikajaa kweli, lakini kichwa kikakatwa. Tukawa tunabarikiwa na tai.

Ndipo mama akaongea, akimtazama binti yake kana kwamba mimi sipo kwa nyumba.

"Mwambie mzee wako mimi sikuja kuona TV. Nilikuja kuona mzee wangu."

Niliona haya, wakuu. Nikaweka remote chini.

Bibi akarudisha picha ndogo. Mama akasogeza kiti hadi karibu na kioo, akatazama dakika zote sita bila kupangusa macho. Akaomba irudiwe. Muda ulikuwa umeisha, tukampeleka stage.

Somo nililopata: kabla hujatengeneza picha, uliza anayeitazama kama ina shida.

Wenye mngeimaliza kwa dakika mbili, andikeni hapo chini. Safari hii nitasoma tu.