Koki ya Rejeta Hukazwa na Watu Wawili

Nakumbuka vizuri kwa sababu nilitazama saa ya ukutani nikitoka jikoni: ilikuwa Jumamosi, saa tisa na robo mchana, na mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa Londiani. Mdogo wangu Chepng'eno, wewe hukuwepo. Ulikuwa kwa shangazi, huko huko chini ya mawingu. Nakuandikia mimi dada yako wa kidato cha tatu, ambaye si mzee wa kumpa mtu nasaha. Lakini wewe una aibu kama yangu, na mimi nimeishi na hii aibu kwa muda mrefu kuliko wewe. Kwa hivyo katika jambo hili moja nihesabu kuwa mzee, unisikilize.

Hujui nyumba yetu ilivyokuwa tangu tumzike nyanya yetu, Kogo, kwa sababu shangazi aliondoka nawe wiki ile ile. Mama bado yuko Saudia kazini. Tulibaki wawili, mimi na babu yetu, Kugo, na Kugo aliacha kuongea. Sisemi alikuwa mkali. Alikamua ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani, akarudi chumbani kwake akakaa kitandani akitazama dirishani, kwenye majani chai ambayo Kogo alikuwa akichuma. Mimi nilikuwa nimefunga shule. Nilipika, tukala, nikaosha vyombo. Mlio wa kijiko kwenye sahani ndio uliokuwa mazungumzo yetu. Nitakuambia ukweli hata kama utanicheka: nilikuwa naongea na ng'ombe. Nilimweleza habari za shule, na mtihani wa Kemia, na yule msichana aliyeacha kukaa na mimi darasani bila kuniambia nilimkosea nini. Ng'ombe anasikiliza vizuri, lakini hakuulizi swali.

Ndipo shangazi akapiga simu. Alikuwa amepata kazi Eldoret na anahama Jumatatu. Akasema kama Jumapili hakuna mtu atakayekuja kukuchukua, ataenda nawe, na utaandikishwa shule huko. Nikamwambia nitakuja mimi na matatu.

"Chebet," akasema, "siwezi kukabidhi mtoto kwa mtoto. Mwambie mzee aje mwenyewe."

Na unajua nyonga ya Kugo haimruhusu kupanda na kushuka matatu. Nikampelekea simu. Alisikiliza, akasema, "Nitakuja na pikapu," akanirudishia. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyokuwa nimemsikia akisema tangu mazishi. Niliyabeba kama mtu amebeba yai.

Basi Jumamosi hiyo nilitoka na ndoo nikaoshe pikapu kibandani, ikupokee ikiwa safi. Nikaona maji chini yake, yenye rangi ya kutu. Nikalala chali nikachungulia. Chini kabisa ya rejeta kuna koki ndogo ya shaba, ile ya kumwagia maji ya zamani, na kwenye shingo yake tone lilikuwa linafuata tone. Gari lisilo na maji kwenye rejeta haliwezi kupanda ule mlima wa kuja kwako. Hata mimi najua hivyo.

Sasa, mtu mwingine angeita. Kugo alikuwa pale pale, namwona dirishani, uso wake uko mbali. Nikajiambia huyu ameshachoka na dunia, nisimwongezee koki. Upande wa pili wa ua nilimsikia jirani yetu, Mama Kiprono, akicheka na watoto wake. Sikumwita pia. Ningeanzaje? Ndivyo tulivyo mimi na wewe: afadhali nyumba iungue kuliko kubisha mlango wa mtu.

Nikatoa spana kwenye sanduku la Kugo, nikakaza koki. Ikazunguka. Nikafurahi. Kumbe haikuwa koki peke yake, shingo nzima ilikuwa inazunguka nayo, ikilia kama bawaba mbovu. Matone yakageuka mkojo wa mbuzi. Nikasukuma sufuria chini, na mvua ikaanza kugonga mabati ya kibanda.

Hapo nikakumbuka dawa ya huku kwetu. Wewe pia umeisikia: rejeta ikivuja, tia majani. Nasikia mahali pengine wanatia yai, wengine pilipili. Sisi tuliozaliwa katikati ya chai tunatia chai, kwa sababu tunaamini hakuna kitu chai inashindwa. Majani yakivimba humo ndani, yanaziba tundu. Nikachukua mkebe mzima jikoni, nikapanda kwenye bampa, nikafungua kifuniko cha rejeta. Mkebe ulikuwa tayari nimeuinamisha.

"Wacha!"

Nilikaribia kuanguka ndani ya injini. Kugo alikuwa ameegemea dirisha, nusu ya mwili nje, mvua inampiga kichwani.

"Wewe Chebet! Unataka kupikia gari chai?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshatoka, na soksi kwenye matope, fimbo mkononi. Akaninyang'anya mkebe, akachungulia ndani ya rejeta kama daktari anayetazama koo.

"Umetia ngapi?"

"Bado, Kugo."

"Bado?"

"Bado. Kweli."

Akashusha pumzi. Kisha akaniuliza, "Hii koki imeanza kuvuja saa ngapi?"

"Niliiona saa tisa na robo."

"Na mimi saa hiyo nilikuwa wapi?"

"Chumbani."

"Chumba gani? Cha Nairobi?"

Alipindua ndoo yangu akaikalia, akaanza kuvua zile soksi zilizolowa, moja, halafu nyingine. Na bila kunitazama akaanza kuongea, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi.

"Mwanangu, mimi nilikuwa kijana wa aibu. Unacheka? Nilikuwa dereva mpya wa lori la majani, kule kwenye mashamba makubwa. Kijijini kwetu hakuna mtu alikuwa amepewa usukani kabla yangu. Asubuhi moja nikaona rejeta inavuja. Nikasema nikienda gereji, watasema ndiye huyu mmempa lori? Nikachota vumbi la chai kwenye sakafu ya kiwanda, nikatia ndani. Ikaziba! Nikajiona fundi."

Akaeleza vile alivyoenda kupakia, lori likajaa, akaanza kurudi kiwandani akipiga mluzi. Katikati ya mlima lori likachemka. Vumbi lilikuwa limeziba tundu, ndiyo, lakini lilikuwa limeziba pia mishipa yote midogo ya rejeta, maji hayana njia ya kupita. Akakaa kando ya barabara na jua linawaka. Wewe umekulia kwenye majani, unajua yakikaa chini ya wavu wa lori kwenye joto yanakuwa mekundu, na yakiwa mekundu hakuna mtu anayeyapokea. Wanawake walikuwa wameyachuma tangu alfajiri, na umande magotini. Kugo alisema harufu ya majani yale yakiungua yenyewe bado anaijua.

"Jioni mzee mmoja wa gereji akanifuata na trekta. Odhiambo, mtu wa upande wa ziwa. Akafungua rejeta, akatoa kitu cheusi kama ugali uliolala. Nikangoja kofi. Hakunipiga. Aliniuliza tu: 'Kijana, asubuhi si ulipita mlangoni kwangu? Si nilikuuliza habari?' Nikasema ndiyo. 'Ukanijibu nini?' Nikasema, nilijibu mzuri. 'Mzuri! Maji inamwagika, wewe mzuri! Sasa mimi nikusaidie namna gani, nikuote?'"

Kugo akacheka. Chepng'eno, alicheka mpaka akakohoa, kama mashine ambayo haijawashwa siku nyingi. Halafu akafuta macho kwa ile soksi yenye matope, na mimi nikajifanya natafuta spana ya pili.

Ilihitajika kweli spana ya pili. Alinieleza kwamba shingo ya koki imeshikishwa kwenye rejeta kwa risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa, na ukikaza koki bila kuizuia shingo, unaing'oa. Ndiyo kosa nililokuwa nikifanya. Mtu mmoja lazima ashike shingo kutoka juu, mkono ukipita kando ya feni, na mwingine alale chini azungushe koki. Nyonga yake haingemruhusu kulala kwenye simenti, kwa hivyo chini nikaenda mimi. Tukamwaga maji yaliyobaki, tukaifungua koki yote, nikasugua meno yake ya skrubu kwa waya. Yeye akachambua nyuzi za kamba ya katani, akazipaka sabuni, akanipitishia nizizungushe kwenye yale meno. Nikairudisha mahali pake kwa vidole, nikachukua spana.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba ukiwa chini humwoni aliye juu, na yeye hakuoni. Injini yote iko katikati. Msiposema, mtaharibu kazi.

"Umeshika?" nikauliza.

"Nimeshika. Kaza."

"Inaenda."

"Polepole. Simama, nimeteleza. Haya."

"Kugo."

"Kaza."

"Kugo, umenikasirikia?"

Spana ya juu ikatulia. Nilikuwa naona vidole vyake tu kupitia kwenye upenyo, vimepakwa sabuni.

"Nani amesema?"

"Hakuna mtu. Ni vile huongei na mimi."

"Mimi?" Nikamsikia akihamia kwenye mguu mzima. "Mimi nilidhani ni wewe hutaki. Unapita hapa na vitabu kifuani kama karani wa korti. Nikasema huyu mtoto amempoteza nyanya yake, nimwache apumue."

"Na mimi nilikuwa nakuacha upumue."

"Basi tumepumua vya kutosha," akasema. "Kaza."

Nikakaza. Nilishukuru kwamba haoni uso wangu. Akaniuliza kama nakula vizuri shuleni. Nikamwambia hapana. Akaniuliza mbona sikusema. Nikamwambia kuhusu yule msichana wa darasani, mambo yote, nikiwa nimelala chali kwenye maji ya kutu, na yeye akauliza swali, halafu lingine, mpaka koki ikakataa kwenda mbele zaidi.

Tukajaza maji. Nikaweka kiganja chini ya koki, tukangoja wote wawili bila kupumua. Kiganja kikabaki kikavu.

Ndipo Kugo aliponiambia maneno ambayo nataka uyachukue kama yalivyo. "Mwanangu, kuna watu wanakuuliza habari njiani tu, hao wajibu 'mzuri', wapite. Lakini anayekupenda akikuuliza, mpe habari yenyewe. Mwambie inavuja wapi. Na kama hakuulizi, usiseme hanitaki. Pengine naye amekaa ndani ya chumba, anangoja uite." Akasimama, akashika viganja vyangu vilivyojaa kutu, akavitemea mate kidogo, vile wazee wetu wanavyobariki. "Uite, uitikiwe," akasema. "Kila mlima utakaopanda, usikose mtu wa upande wa pili wa spana."

Mimi nikiongeza langu, Chepng'eno, ni hili dogo. Usifikiri kunyamaza ni heshima kila wakati. Mimi nilimheshimu Kugo kwa ukimya mpaka karibu nikupoteze wewe uende Eldoret. Ukiwa na shida shuleni, ukiumwa, ukimlilia Kogo usiku, usingoje mpaka utafute maneno mazuri. Ita jina langu tu, hata kama hujui utasema nini baada ya hapo. Na ukiniona mimi nimenyamaza sana, njoo unibishie hodi. Baraka niliyopewa nimekugawia nusu, na ikibidi chukua yote.

Sikudanganyi kwamba nyumba ilijaa watu jioni ile. Tulikula, Kugo akasifu mboga, nikamweleza ziliko chumvi na sukari siku hizi, halafu maneno yakatuishia, na tukabaki tukisikiliza mvua. Kiti cha Kogo kilikuwa pale pale. Upweke bado ulikuwepo, ila sasa tulikuwa tumeushika wawili.

Kesho yake asubuhi, Kugo akiwa bado anakamua, nilipapasa chini ya rejeta. Pakavu. Nikarudi ndani nikachukua simu, na safari hii sikuandika ujumbe kama ninavyofanya siku zote. Nilipiga. Shangazi alipopokea nikamwomba anipe wewe. Ulisema haloo na sauti ya usingizi. Nikakuambia tunakuja, toa godoro na sanduku. Ukasema sawa, ukataka kukata. Nikasema ngoja. Nikakuambia nimekumisi, na kwamba kitanda chako sijakigusa, na kwamba jioni naogopa kuingia chumba chetu peke yangu.

Halafu ukauliza kwa sauti ndogo, "Dada, kwani unalia?"

Nikasema, "Ndiyo, nalia. Kaa hapo mlangoni, tunakuja."