Kasi ya Mikono ya Asnakech

Asnakech alifika mjini Hawassa na cheti cha darasa la kumi na mfuko mmoja wa nguo, na hakujua hata kutia uzi kwenye cherehani ya umeme. Aliyemfundisha ni Bogalech. Huyu aliishia darasa la nne, alikuwa na binti aliyemwacha kwa mama yake kijijini, na alikuwa na miaka mitatu kwenye laini ya tano ya kiwanda cha mashati, akishona kola. Kila jioni, katika chumba walichopanga pamoja, alimtandazia mgeni wake vipande vya kitambaa na kumshika vidole kimoja kimoja kama anayemfundisha mtoto kula.

Mwaka haujaisha, mwanafunzi akampita mwalimu, tena kwa mbali. Bogalech hakuona wivu hata chembe.

"Wengine wanazaa hospitali," aliwatambia wenzake wakati wa chakula. "Mimi nimezaa kiwandani!"

Ndipo ikaja habari ya kupimwa. Kiwanda kilitangaza kwamba kila mshonaji atapimwa kwa saa na kuwekwa kwenye moja ya madaraja matatu kulingana na ujuzi wake, na wa daraja la kwanza ataongezwa birr mia sita kwa mwezi. Maneno matamu hayo. Lakini laini ya tatu walikuwa wameshapimwa, na kila mtu aliona kilichowapata. Msichana wao hodari, Meselu, alionyesha uwezo wake wote, akapata nyongeza yake, na kasi yake ikafanywa kiwango cha laini nzima. Aliyeshindwa kukifikia kwa wiki mbili aliambiwa asante, nenda nyumbani. Mwezi haujaisha, viti sita vilikuwa vitupu. Meselu alikula injera yake peke yake, mgongo ukutani. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Hawakumsalimu tu.

Jumapili kabla ya zamu yao ya kupimwa, washonaji wanane wa kola wa laini ya tano walikutana chumbani kwa Bogalech kunywa kahawa. Wakakubaliana: kola sitini na tano kwa saa, isizidi hata moja. Bogalech mwenyewe, akijitahidi sana, alifika sabini.

"Mimi hata nikikimbizwa na fisi sivuki hapo," alisema, na wote wakacheka, ila kicheko kilikatika upesi. Macho yalikuwa kwa Asnakech.

"Na wewe, mama mashine?" aliuliza Tadelech, aliyekaa naye kiti kwa kiti kazini. "Unasemaje?"

"Sitini na tano. Naapa kwa Gabrieli."

"Tazama usoni pa huyu aliyekulea, halafu uape tena."

Asnakech akamtazama Bogalech, akaapa tena. Walikunywa kikombe cha tatu, kile cha baraka, na hakuna aliyeondoka kabla hakijaisha. Aliapa kwa moyo safi. Ninalisema hili wazi kwa sababu baadaye watu walisema mengine, na walisema uongo.

Mpimaji alikuwa Injinia Surafel, kijana wa miaka minne ya chuo kikuu, mwenye mshahara wa washonaji wanane na asiyeweza kushona kifungo cha shati lake. Hakuwa mkali. Aliongea taratibu, aliomba radhi akipita, na upole wake ndio uliowatisha. Siku ya kupimwa alisimama nyuma ya Asnakech, akabonyeza saa yake, na kengele ikalia.

Kola ina kona mbili. Kwa mwendo wa kawaida mikono ya Asnakech ilizungusha kona bila yeye kufikiri. Sasa alifikiri. Alipunguza mwendo, akafika kwenye kona, akasita, na mshono ukapinda. Kola ya pili ikapinda vilevile. Ya tatu kitambaa kikajikunja chini ya sindano.

"Unaumwa, dada?" Surafel aliuliza kwa sauti ya chini. "Kola mbovu naziandika pia."

Kumbe mikono iliyojua mwendo mmoja haina mwingine! Nusu saa nzima alipigana nayo, jasho likimtoka, na kola mbovu zikirundikana ubavuni. Alihesabu kichwani: kwa mwendo huu saa itaisha na kola hamsini, hamsini na moja. Aliogopa kuangukia daraja la chini yeye mwenyewe. Akashona kola moja tu vizuri, kujituliza roho. Halafu nyingine. Kisha hakuhesabu tena, na alipogutuka kengele ilikuwa inalia na Tadelech anamkodolea macho. Surafel alikuwa anatabasamu.

"Nusu saa ya mwisho peke yake, arobaini na nne," alisema. "Themanini na nane kwa saa. Nilijua ulikuwa unatufanyia mzaha."

Kiwango cha laini ya tano kikawa themanini na nne. Wakubwa waliwapunguzia nne, kwa hisani.

Bogalech hakugomba. Hilo lilimuuma Asnakech kuliko matusi. Kwa wiki mbili walikaa jioni na vipande vya kitambaa, safari hii mdogo akimfundisha mkubwa, na Bogalech akifika sabini na tatu, sabini na tano, halafu vidole vikichoka anarudi sabini. Siku ya kumi alijichoma sindano kwenye ukucha, akailamba damu, akaendelea kushona. Siku ya kumi na nne jina lake lilisomwa pamoja na majina ya wengine wawili wa kwenda nyumbani.

Alifunga mkasi wake kwenye kitambaa. "Kosa ni langu," alisema. "Nilikufundisha kukimbia. Sikukufundisha kusimama."

"Dada, nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Binti yangu sijui kama atakusamehe."

Jumatatu kwenye kiti cha Bogalech aliketishwa msichana mpya, Hirut, mwenye cheti cha darasa la kumi na mbili. Asnakech, wa daraja la kwanza sasa, aliambiwa amfundishe. Hakuna aliyemsalimu asubuhi hiyo isipokuwa huyo mgeni. Alimpa kipande cha kwanza, akaona vidole vya Hirut: vilikuwa vyepesi kuliko vyake mwenyewe. Huyu akifundishwa vizuri, mwakani kiwango kitakuwa mia, na atakayefunga mkasi ni nani?

"Ukifika kwenye kona," alimwambia, "simama. Inua mguu wa cherehani. Hesabu hadi tatu, ndipo ugeuze."

"Kila kona, dada? Si nitachelewa?"

"Wewe shona ninavyokwambia."

Aliona haya, lakini hakurudi nyuma. Ilipofika Ijumaa Hirut alikuwa anasimama kwenye kila kona bila kuambiwa, akihesabu kwa midomo, mtiifu kabisa. Surafel akapita. Alisimama nyuma yao wawili kwa muda mrefu, akaomba radhi, kisha akaandika jina moja kwenye karatasi yake, na Asnakech hakuweza kuona ni la mwanafunzi anayechelewa au la mwalimu aliyemfundisha kuchelewa.