Hodi Ndani ya Mashine

Fundi viatu alimzika mkewe, na mgongo ukaanza kumuuma. Ulimshika chini ya kiuno, kushoto, upande aliokuwa akilala mama watoto. Eksirei ilionyesha mifupa mizima. Maumivu hayakujali, kuvaa soksi tu ikawa vita.

"Ndiye huyo, mama watoto," aliwaza. "Amekuja kunichukua."

Wala hakuchukia.

Binti yake, kitindamimba, hakutaka kusikia. "Baba, nimeshazika mmoja. Niache nipumue kwanza." Akampeleka hospitali, kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha hadi nyama za ndani.

Mpiga picha, mama mmoja mcheshi, alimvua mkanda na saa. "Mzee, humu sheria ni moja: usitikisike. Pua ikiwasha, iache iwashe."

"Na nikipiga chafya?"

"Tunaanza upya, na mimi nina njaa."

Kitanda kikamwingiza kwenye tundu. Baridi. Kimya. Halafu ikaanza: ko-ko-ko. Ko-ko-ko.

Miaka yote mkewe aligonga hivyo hivyo, kwa mwiko, kwenye ukuta kati ya jiko na kibanda cha viatu, chakula kikiiva. Naye alijibu palepale, maana akichelewa alinuniwa hadi jioni.

"Nakuja!" akaita, akainua kiuno.

Mashine ikanyamaza. "Mzee, unakwenda wapi?" Mpiga picha alikuwa akisema kwenye kipaza sauti. "Picha zote zimekuwa ukungu. Umemjibu nani?"

Akalala tena chali. Wakaanza upya. Ko-ko-ko. Safari hii aliuma meno, akamwacha mkewe agonge, agonge, bila jibu. Machozi yakamwingia masikioni. Hakuyafuta.

Daktari aliwaonyesha picha. Chini kando ya uti wa mgongo, katikati ya weusi wa nyama, palikuwa na weupe kama maziwa yaliyomwagika.

"Misuli na kano zimevimba. Weupe huu ni majimaji ya uvimbe. Si saratani, na mfupa haujaguswa. Mzee, unalala vipi?"

"Ukingoni," binti akadakia. "Kwa ubavu wa kushoto, kiuno juu ya ubao wa kitanda. Nafasi ya mama haiguswi."

Mzee aliangalia viatu vya daktari. Kisigino kimoja kilikuwa kimelika.

"Ulale katikati," daktari alisema. "La sivyo, dawa zangu ni bure."

Walipofika nyumbani, binti alitoka tena kwenda kununua dawa. Mzee akabaki amesimama mbele ya kitanda. Godoro bado lilikuwa na bonde la mwili wa marehemu. Akapanda taratibu, akajisogeza, kiuno kikaangukia ndani ya bonde kama mguu katika kiatu cha mwenzake.

Jikoni hakukuwa na mtu. Ukuta ukagongwa: ko-ko-ko.

Hakutikisika.

"Sogea basi," alisema. "Daktari kakataa nilale ukingoni."